Siku tuliyokataa kulifunga jicho

Mama yule mwenye ualbino alikuwa akikaanga mihogo kando ya barabara, Mbagala. Kidonda kwenye kope la chini la jicho la kulia alikipaka dawa za dukani mpaka kikawa kigumu. Kinyama tulichopeleka maabara kilirudi na jibu la saratani ya ngozi, aina ya skwamasi.

Uvimbe ulikuwa milimita 7. Ukichukua na milimita 5 za ngozi isiyo na ugonjwa kila upande, unaondoa 17, na kope zima lina kama 30. Pengo la robo hushonwa likafunga. Hili lilipita nusu.

Dokta alitaka njia ya Hughes: unashusha utando wa ndani wa kope la juu uwe ukuta wa nyuma wa kope jipya, kisha unapandikiza ngozi mbele yake. Kope hutoka zuri, ila jicho hukaa limefungwa wiki 4 au zaidi, hadi kipande kiote mishipa yake.

“Mwanangu,” mama akaniambia, “hili la kushoto halioni. Mkilifunga na hili, daladala nitapandaje?”

Tukahamia njia ya Tenzel: unasogeza kope lililobaki pamoja na ngozi ya pembeni lizibe pengo, bila kulifunga jicho. Tulikata uvimbe kwanza, tukafunika kidonda tukisubiri patholojia ithibitishe kingo ni safi. Ukiwahi kuziba, saratani iliyobaki unaifukia. Siku hizo binti yake ndiye aliyemwongoza.

Majibu yalipotoka, tulichora nusu duara kutoka pembe ya nje ya jicho, ikipanda kuelekea panja. Tukakata mguu wa chini wa kano ya pembeni, ile inayoshikilia kope kwenye mfupa, kope lililobaki likateleza kuelekea puani. Hapo ndipo wengi huharibu: ngozi isiposhonwa kwenye utando wa mfupa wa tundu la jicho, uzito wa shavu huvuta kope chini, jicho likabaki wazi na kukauka. Mvuto uwe wa kulala, kamwe usiwe wa kushuka. Nyuzi za ukingoni tuliziacha ndefu, tukazilaza nje zisikwaruze kioo cha jicho.

Nyuzi za ngozi zilitoka baada ya wiki, za ukingo baada ya wiki 2. Upande wa nje wa kope haukuota nywele, nao hauoti kwa njia hii. Kila alipokuja kliniki nilimpapasa mbele ya sikio na chini ya taya, kwa kuwa skwamasi hukimbilia kwenye tezi za huko.