Mkono wa fundi
Majambazi walimkata binamu yangu panga usiku, huku Kondele, Kisumu. Yeye ni fundi wa mbao, na mkono wa kulia haushiki tena nyundo. P3, ile fomu ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, ilijazwa, kesi inaendelea, bili ya hospitali tulichangishana kama ukoo. Lakini riziki yake je?

Katiba ya Kenya, kifungu cha 50(9), iliagiza Bunge litunge sheria ya haki na maslahi ya waathiriwa. Ikapitishwa 2014, na ndani yake kuna hazina ya kuwasaidia. Majirani niliowauliza hawajawahi kuisikia, na hilo linaniuma sana.

Jamani, mahakama pia inaweza kumwamuru mkosaji alipe fidia. Mwambieni mapema kiongozi wa mashtaka, na tunzeni kila risiti, hata ya dawa za maumivu.