Jinsi kuhamisha muda wa chai kulivyosaidia kupandisha damu ya mke wangu

Kwa muda mrefu mke wangu alisumbuliwa na uchovu, kizunguzungu na moyo kwenda mbio kila alipopanda ngazi, na kipimo kikaonyesha hemoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ya gramu 9.1 kwa desilita, ilhali mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi. Tuliongeza maharage na mchicha, akameza na vidonge vya madini ya chuma, lakini kiwango hakikupanda.

Kilichotufungua ni swali la muuguzi: chai huwa anakunywa wakati gani? Chai ya rangi ilikuwapo kila mlo, na hata vidonge vilimezwa nayo. Tanini za majani ya chai, yaani kemikali zinazoipa ukakasi, hushikamana na madini ya chuma, hasa yatokanayo na mimea, hivyo sehemu kubwa hupita tumboni bila kufyonzwa.

Kwanza tuliisogeza chai hadi muda wa saa mbili baada ya chakula. Kisha tukaanza kukamulia ndimu kwenye maharage yakiwa yameshaepuliwa, kwa kuwa joto huharibu vitamini C, ambayo ndiyo husaidia chuma kufyonzwa; vidonge navyo vikamezwa kwa juisi ya machungwa.

Kipimo cha juzi kimesoma 12.3, nasi tunamshukuru Mungu. Daktari ameagiza aendelee na vidonge kwa miezi mingine mitatu ili akiba ya chuma mwilini ijae.