Kabla Kwazi Hajaruka

Watu wanaoziona picha zangu za kwazi, yule tai mla samaki, huniuliza kwanza kuhusu lenzi. Ninayo ya milimita 100 hadi 400, niliinunua kwa mtu aliyekwisha kuitumia, na inanitosha. Lakini anayetaka kuanza leo namwelekeza kwingine: aende nyuma ya soko, pale wauza nyama wanapotupa mabaki, amtazame mwewe mpaka azijue tabia zake.

Mwewe amezoea watu. Anazunguka chini chini, mdomo wa njano, mkia wenye panda, na huo mkia ndio wa kuangalia. Kabla hajajitupa chini anaupinda, bawa moja linashuka, ndipo anapokuja. Nilishinda naye Jumapili nyingi hapa mjini Naivasha, baada ya wiki nzima ya kufungasha maua ya waridi, mpaka kidole kikazoea kubonyeza mkia unapopinda. Ukingoja kucha ziguse nyama, umechelewa.

Kasi ya shata, kile kipazia kinachofunguka kuingiza mwanga kwenye kamera, naiweka 1/2000 ya sekunde au haraka zaidi, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, naiachia ipande. Chengachenga inazoleta kwenye picha naweza kuzivumilia. Bawa lililofifia kwa mwendo halirekebishiki. Fokasi naiweka ile inayoendelea kumfuata ndege, na nukta yake naielekeza kwenye jicho. Jicho likiwa kali, macho ya mtazamaji yanatulia hapo hata kama ncha za mabawa zimepotea kidogo.

Ziwa Naivasha ndiko nilikopata mwalimu wa kweli. Tunatokea Kamere, ufuo wa boti, asubuhi na mapema, maji yakiwa yametulia, kwa sababu mchana upepo huamka na boti hurushwa huku na kule. Ziwa lilipopanda miaka ya karibuni lilimeza migunga mingi ya ukingoni. Miti ile imekufa imesimama majini, na kwazi wanaipenda kwa kuwa haina majani ya kuwazuia kuona. Kwa mpigapicha ni bahati pia, maana ndege anakaa wazi.

Na kukaa anakaa kweli! Kwazi hutumia sehemu kubwa ya siku ametulia tawini. Mwanzoni nilikuwa nikitazama kichwa chake cheupe, jinsi anavyokirusha nyuma akilia na mwenzake akimjibu kutoka mti wa pili. Kijana anayeniendeshea boti akaniambia, "Dada, acha kichwa. Angalia miguu." Akanionyesha: anasogeza kucha, anainama mbele, mara nyingi anatoa kinyesi, kisha anaruka. Tena huruka akiuelekea upepo. Kwa hiyo tunaisogeza boti polepole mpaka jua liwe mgongoni mwetu, na upepo ukitoka upande huohuo, ndege anaruka akitukabili, uso na kifua kwenye mwanga. Tangu siku ile, kabla ya kuwasha kamera natazama kwanza mafunjo yanalalia wapi.

Kile kichwa cheupe kina taabu yake. Nyuma yake kuna kivuli cha miti, mwili wake ni wa kahawia iliyokolea, basi kamera inadhani pote ni giza na kuongeza mwanga, na weupe unaungua kabisa, unyoya hauonekani hata mmoja. Napunguza mwanga kwa hatua moja hivi. Mwewe angani ni kinyume: anga jeupe linaidanganya kamera, ndege anatoka mweusi tii, hapo naongeza hatua moja. Haya mawili yamenifaa kuliko kifaa chochote.

Kuna desturi ya kupiga mluzi na kutupa samaki ili kwazi ashuke mbele ya wageni. Najua inawapatia watu wa boti riziki, na siwalaumu. Mimi namwomba kijana asitupe. Namtaka kwazi aliyemwona samaki wake mwenyewe, kwa sababu hapo ndipo naona jinsi anavyopima, anavyoghairi, anavyorudi tawini bila kitu na kujaribu tena. Picha ninayoipenda kuliko zote ni ya kwazi aliyekosa, kucha zimejaa maji, na jicho tayari linatazama mbele. Kwa samaki wa kutupiwa nisingeipata.

Hifadhi ya Hell's Gate, kilomita chache tu kutoka ziwani, mambo ni mengine. Unaruhusiwa kuingia kwa miguu au baiskeli, na kwenye magenge yale kuna tumbusi wa Rüppell, ndege ambao tangu 2015 wamewekwa kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka. Huko alfajiri haina faida kubwa. Tumbusi ni mzito, anangoja jua lilipashe jiwe joto na hewa ianze kupanda, ndipo anajiachia na kuzunguka bila kupiga bawa. Ninafika saa tatu hivi, nasimama mbali chini ya genge, na ninakubali mwanga mkali wa saa hizo. Kupanda kukaribia viota sikubali, hata kama lenzi yangu inamfanya ndege aonekane mdogo. Mzazi akishtuka na kuondoka, yai linabaki juani. Badala yake naliingiza genge zima kwenye fremu, na mistari myeupe ya kinyesi chini ya viota, ili mtazamaji ajue ndege huyu anaishi wapi.