Kupasha uvimbe joto kwa altrasaundi: ugumu uko kwenye nyuzi 42, si 60

Mawimbi ya altrasaundi, yaani sauti isiyosikika kwa sikio, yakikusanywa sehemu moja ndani ya mwili huweza kuipandisha tishu hadi nyuzi 60 za Selsiasi na kuiua kwa sekunde chache. Wengi hudhani hiyo ndiyo kazi ngumu. Kazi hasa ni kuupasha uvimbe wa saratani hadi nyuzi 41 au 42, kisha kuushikilia hapohapo kwa nusu saa au saa nzima. Joto hilo haliui seli nyingi lenyewe, ila huzidhoofisha mbele ya mionzi na dawa. Seli zilizokosa oksijeni, ambazo mionzi huhangaika nazo, ndizo joto huziumiza zaidi.

Nafasi ya kukosea ni ndogo mno. Kwa hesabu ya watafiti Sapareto na Dewey ya mwaka 1984, muda kwenye kila joto hugeuzwa kuwa dakika zinazolingana nao kwenye nyuzi 43. Juu ya hapo, kila nyuzi moja inayoongezeka huzidisha dakika mara mbili. Chini ya hapo, kila moja inayopungua huzigawa kwa nne. Saa moja kwenye nyuzi 42 ni dakika 15 tu. Saa hiyohiyo kwenye nyuzi 45 ni dakika 240, na kiasi hicho huhesabiwa kuwa kinaua misuli.

Kwenye megahezi 1 (mitetemo milioni moja kwa sekunde), urefu wa wimbi mwilini ni kama milimita 1.5, kwa hiyo mawimbi hukutana mahali padogo kama punje ya mchele: upana wa milimita moja au mbili, urefu wa sentimita moja hivi. Ukiiacha punje hiyo imetulia, inaunguza. Ndiyo maana transdusa, kifaa kinachotoa mawimbi hayo, huwa na vipande vingi, 256 kwa mfano, vinavyowashwa kwa kupishana kidogo ili punje izunguke haraka kwenye duara za milimita 4, 8, 12 na 16. Duara za nje huhitaji nguvu zaidi kwa sababu joto huvuja kando. Katikati hujipasha kutoka kwa majirani. Kisha mishipa ya damu hutanuka kwa joto na kulisomba, hivyo nguvu iliyotosha dakika ya tano huenda isitoshe dakika ya kumi na tano. Usiweke wati na kuondoka.

Joto husomwa kwa MRI, mashine ya picha inayotumia sumaku, maana mlio wa protoni za maji (kasi ya mtetemo wake ndani ya sumaku) hushuka sehemu 0.01 kwa milioni kwa kila nyuzi. Mafuta hayafuati kanuni hiyo, kwa hiyo usiamini namba inayotoka kwenye tabaka la mafuta chini ya ngozi. Sumaku nayo huteleza: ikihama sehemu 0.1 tu kwa milioni, skrini itaonyesha kosa la nyuzi 10. Chagua eneo lisilopashwa na uliondoe badiliko lake kwenye hesabu. Kwenye ini, pumzi huusogeza uvimbe na picha huharibika.

Mwaka 2018, watafiti wa Oxford walichapisha jaribio la TARDOX kwa wagonjwa 10 wenye uvimbe kwenye ini. Dawa ya saratani iitwayo doksorubisini ilifungwa ndani ya viputo vya mafuta vinavyofunguka karibu na nyuzi 40, na altrasaundi ikavifungulia palepale penye uvimbe. Ni matumizi ninayoyaona yana matumaini makubwa, kwa kuwa nyuzi chache tu zinatosha.

Majeraha mengi huanzia kwenye ngozi. Nyoa nywele zote, kwa sababu hushika viputo vya hewa, na hewa hurudisha karibu sauti yote. Kati ya transdusa na ngozi, tumia maji yaliyoondolewa hewa, yaliyopoozwa. Kagua makovu ya zamani. Hunyonya sauti kupita ngozi ya kawaida. Angalia pia kilicho nyuma ya uvimbe: mfupa hufyonza mawimbi kwa wingi, na neva iliyoulalia mfupa huo huungua hata kama uvimbe wenyewe uko sawa. Mgonjwa aliye macho apewe kitufe cha kusimamisha mashine. Akikibonyeza, zima kwanza, kisha tafuta chanzo, hata kama ramani ya joto inaonyesha kila kitu ni shwari.