Kiti cha wahadhiri kwenye Baraza la Chuo: nilivyokifanyia kazi

Mwakilishi wa wahadhiri anayeingia kwenye Baraza la Chuo, chombo cha juu cha uongozi wa chuo, akidhani atashinda kwa kura atachoka mapema. Mara nyingi viti vyetu ni kimoja au viwili, na vingine vinakaliwa na wateule wa serikali, watu wa biashara na wahitimu wa zamani. Vipo vyuo vilivyotoa mgawo mnono zaidi: Baraza la Chuo Kikuu cha Toronto, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1971, lina wajumbe 50 na 12 kati yao ni walimu. Hata huko, 12 hawajafika nusu. Ndiyo maana nguvu zangu nilizielekeza kwenye makabrasha ya vikao, kwa kuwa uamuzi huwa umeshaandikwa humo kabla haujatamkwa mezani.

Kabla ya kikao cha kwanza nilisoma hati idhini ya chuo na kanuni za Baraza nikitafuta majibu machache. Je, nina kura au ni mwangalizi tu? Nani amenichagua: Seneti (chombo kinachosimamia mambo ya kitaaluma chuoni), mkutano wa wahadhiri wote, au chama chao? Na je, mimi ni mjumbe ninayefungwa na maagizo ya walionituma, au ni mdhamini wa chuo kizima kama wajumbe wengine? Kwenye mabaraza mengi jibu la swali la mwisho ni mdhamini. Wenzako hawawezi kukuagiza upige kura vipi, ila wana haki ya kukupa taarifa na kutarajia uzitumie. Hili niliwaeleza wenzangu kwa maandishi mara tu baada ya uchaguzi. Lisipoelezwa, kura ya kwanza isiyowafurahisha huitwa usaliti, na kuanzia hapo hakuna anayekuletea taarifa.

Kabrasha la kikao lina kurasa mamia, nalo hufika siku chache tu kabla. Kulisoma kuanzia ukurasa wa kwanza ni kupoteza muda. Nilianza na ajenda, nikitazama kwanza zile zinazopangwa kupitishwa kwa mkupuo bila mjadala. Nyingi ni za kawaida, lakini kufungwa kwa programu hupenya humo kwa jina la “marekebisho ya muundo”, na ada mpya hujificha kwenye kiambatisho. Kanuni nyingi zinamruhusu mjumbe yeyote kuomba ajenda moja itolewe kwenye mkupuo ijadiliwe, mradi amwandikie Katibu wa Baraza mapema. Ukisubiri mpaka mwenyekiti aulize “tunaafiki?”, umechelewa.

Baada ya hapo niliruka moja kwa moja hadi aya ya mwisho ya kila waraka, pale penye mapendekezo, nikaangalia kitenzi. “Kupokea” taarifa hakumfungi mtu. “Kuidhinisha” kunafunga. Cha hatari zaidi ni “kukasimu”, yaani kumwachia mtu mwingine madaraka ya kuamua, kwa mfano: “Baraza linaombwa kumkasimu Makamu Mkuu wa Chuo madaraka ya kukamilisha mkataba.” Madaraka hayo hayana kiwango cha fedha, hayana muda wa kwisha, wala hayarudi Barazani. Sikupinga kukasimu, kwa sababu Baraza linalokutana mara chache kwa mwaka haliwezi kusaini kila kitu. Niliomba yaongezwe maneno kama haya: “kwa kiasi kisichozidi bajeti iliyoidhinishwa, kabla ya mwisho wa mwaka huu wa fedha, na taarifa iwasilishwe kwenye kikao kinachofuata.” Rekebisho la namna hiyo hupita bila ugomvi, maana hakuna mjumbe anayependa kusimama na kutetea hundi isiyo na kiasi.

Kwenye fedha, wahadhiri wengi hunyamaza wakihofia kuonekana hawajui. Huhitaji kuwa mhasibu. Soma tanbihi za hesabu zilizokaguliwa, utenganishe fedha zenye masharti na zisizo na masharti. Ruzuku ya mradi wa utafiti huonekana kama utajiri wa chuo, lakini haiwezi kulipa mishahara ya idara nyingine. Kisha piga hesabu ya siku: chukua fedha taslimu zisizo na masharti, gawanya kwa matumizi ya mwaka baada ya kutoa uchakavu wa mali, zidisha kwa 365. Matumizi yakiwa milioni 730 kwa mwaka, chuo kinatumia milioni 2 kwa siku. Kikiwa na milioni 80 mkononi, kina siku 40. Ukiweka takwimu za miaka mitatu au minne sambamba, utaona mwelekeo ambao hotuba ya ufunguzi haikuutaja.

Lakini mwakilishi wa wahadhiri anahitajika zaidi pale ambapo namba za bajeti zinakutana na darasa. Mpango unasema kozi ya maabara itapanda kutoka wanafunzi 48 hadi 90, na mapato yameshajumlishwa. Mjumbe kutoka benki ataona mapato. Mhadhiri anajua maabara ina nafasi 24, kwa hiyo vipindi viwili vinakuwa vinne, fundi sanifu mmoja hatoshi, kemikali karibu zinaongezeka maradufu, na chumba hicho hicho kimeshapangiwa kozi nyingine mchana. Sikuwahi kulisema hilo kama lalamiko. Niliuliza: gharama za vipindi viwili vya ziada ziko kwenye fungu gani la bajeti? Kama haziko, ongezeko la mapato si la kweli. Swali la aina hiyo linafaa pia kwa majengo ya mkopo, kwani waraka hueleza marejesho ya mkopo na husahau umeme, usafi na matengenezo ya kila mwaka. Ombeni pia hesabu ya nini kitatokea udahili ukishuka kwa asilimia 10. Menejimenti makini huwa wanayo tayari.

Maswali haya yasirushwe ukumbini kwa kushtukiza. Niliyatuma siku chache kabla kwa afisa anayewasilisha waraka, nakala kwa Katibu. Mtu aliyeaibishwa mbele ya Baraza hujilinda, bali aliyepewa muda huleta takwimu, na mara nyingine hurekebisha waraka mwenyewe kabla ya kikao. Na ajenda inapofika kwenye Baraza kamili, kwa kawaida imeshapitia kamati, na wajumbe hawana hamu ya kuifungua upya. Ndiyo maana nafasi kwenye kamati ya fedha na mipango ina uzito kuliko hotuba yoyote. Kamati ya ukaguzi mara nyingi haipokei waajiriwa wa chuo, na hiyo ni haki. Usipoteze heshima yako kuigombania. Kuhusu “mengineyo”, ajenda ya mwisho ya kikao, jambo zito likipelekwa huko hufa, kwa kuwa halina waraka, na wajumbe wameshaanza kufunga mafaili.

Kwa mambo ya kitaaluma nilikuwa na swali moja la kudumu: maoni ya Seneti yako wapi? Tamko la mwaka 1966 la Marekani kuhusu uendeshaji wa vyuo, lililoandaliwa na jumuiya ya maprofesa pamoja na zile za vyuo na bodi, linawapa wahadhiri dhamana ya msingi juu ya mitaala, ufundishaji na utafiti. Neno la mwisho linabaki kwa bodi, lakini inatarajiwa kuwakatalia kwa nadra tu, na kwa sababu watakazoelezwa. Hata pale ambapo tamko hilo halina nguvu, utaratibu huo unafaa kuombwa. Baraza likikataa pendekezo la Seneti, sababu ziandikwe.

Mishahara inahitaji uangalifu. Tangaza maslahi mwanzoni mwa kikao, na jambo linalokuhusu binafsi likifika, toka nje. Hakikisha kumbukumbu zinaonyesha umetoka na umerudi lini. Ila usikubali kutolewa kila neno “watumishi” linapotajwa. Sera ya mishahara kwa wote si sawa na faili la kupandishwa cheo kwako, na mpaka huo ni vizuri ukaandikwa kwenye kanuni badala ya kuamuliwa na mwenyekiti papo kwa papo. Uongozi wa chama cha wahadhiri usiushike wakati huo huo. Mshika mbili moja humponyoka, na hapa kinachoponyoka ni imani ya pande zote mbili wakati wa majadiliano ya mishahara.

Kuhusu kurudisha taarifa kwa wenzako, kikao kikiisha muulize Katibu ni ajenda zipi ziko wazi, kisha andika ukurasa mmoja mapema, uvumi haujakutangulia: kimeamuliwa nini, kinaanza lini, nani aulizwe. Usitaje nani alisema nini. Siri ikivuja mara moja, nyaraka zitaanza kusomwa ofisini kwa Katibu tu, bila nakala, na hapo umepoteza silaha yako kuu. Mimi niliona faida zaidi kwenye taarifa ya kabla ya kikao, yenye mada zilizo wazi tu, nikiomba ushahidi: idadi ya wanafunzi kwa darasa, vifaa vilivyoharibika, tarehe za barua zisizojibiwa. Maoni makali yalikuja pia, bila shaka, lakini hayana mahali pa kuwekwa kwenye waraka.

Ukishindwa jambo zito, omba msimamo wako uingie kwenye kumbukumbu, na mkabidhi Katibu maneno yenyewe kwenye karatasi kabla ya kutoka ukumbini. Fanya hivyo kwa nadra. Mjumbe anayepinga kila mara hasomwi. Rasimu ya kumbukumbu ikija, isome siku hiyo hiyo, kwa sababu “ilijadiliwa” ina tabia ya kugeuka “ilikubaliwa”. Wakati wa kuzithibitisha unaweza kusahihisha usahihi wa maandishi, si kufufua mjadala. Kisha fuatilia kwenye “yatokanayo”, ajenda ya kufuatilia mambo ya kikao kilichopita: ahadi isiyo na jina la mtu na tarehe hutoweka baada ya vikao viwili.

Anayenipokea nilimwachia jedwali la safu nne: kilichokasimiwa, kwa nani, kiwango cha juu, na tarehe ya kuleta taarifa. Mistari ambayo tarehe yake imepita na taarifa haijaja ndiyo maswali yake ya kikao cha kwanza.