Tulivyolipima jina la binti yetu kabla ya kuliandikisha

Jina la mtoto hutumiwa zaidi na watu wengine kuliko wazazi waliolichagua. Litaitwa na bibi kijijini, karani wa kituo cha afya, mwalimu wa chekechea, na shangazi aliyeolewa mbali. Kwetu upande mmoja wa ukoo uko Unguja, wa pili Usukumani, na tuna ndugu wa karibu Bujumbura na Ujerumani. Kwa hiyo mbali na maana, kila jina tulilolipenda tuliliuliza swali moja: likifika kwenye ulimi wa watu hawa, litavunjikia wapi, na likivunjika litabaki jina la mtu?

Kila jina lilipewa vipimo viwili, na visichanganywe. Cha kwanza ni kusomwa: liandike kwenye karatasi, mpe mtu ambaye hajawahi kulisikia likitajwa nyumbani kwenu, asome kwa sauti bila kusaidiwa. Cha pili ni kusikiwa: mpigie mtu simu, litaje mara moja kwa kasi ya kawaida, kisha mwombe aliandike na akutumie kwa ujumbe. Simu ni muhimu hapa, kwa sababu mtandao hula herufi kama f na s, m na n, b na d, na ndivyo jina litakavyosikika maisha yake yote. Chagua watu wa aina tofauti: mzee asiyesoma sana, mtoto wa darasa la pili, mtu anayefanya kazi ya kuandika majina ya watu, na mmoja kutoka kila lugha iliyo katika ukoo wenu.

Jina linaweza kufaulu kipimo kimoja na kuanguka kingine. Neema ni mfano mzuri. Kwa Mswahili halina shida yoyote: silabi tatu, ne-e-ma. Lakini anayesoma kwa mazoea ya Kiingereza akiona "ee" hutamka "Nima", na aliyesikia "Nima" ataandika Nima. Khadija lina tatizo la upande wa pili: watu wengi hulitambua wakiliona, ila wakilisikia tu, huyu ataandika Khadija, yule Hadija, mwingine Kadija.

Sauti zilizotoka Kiarabu ndizo zinazogawa pwani na bara. Unguja wengi hutofautisha kh na h, gh na g, dh na z, th na s. Ukienda bara, Ghanima huwa Ganima, Thuraya huwa Suraya, Dhahabu huwa Zahabu. Halafu kuna r na l. Kisukuma cha asili hakina r, kwa hiyo Rehema kwa bibi ni Lehema. Kikuyu na Kirundi vina mvuto wa upande wa pili, na Lulu huweza kugeuka Ruru. Kijaluo hakina sh wala z, ndiyo maana Asha husikika Asa na Zuhura husikika Suhura. Bibi anayesema Lehema hajakosea wala hamdharau mtoto. Anasema sawasawa kwa sauti alizolelewa nazo. Mimi nashikilia kwamba mzazi ndiye anayepaswa kulijua hilo mapema, si kumsahihisha mzee wa miaka sabini mbele ya wageni.

Mkazo nao husahaulika kabisa. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na hakipendi neno liishie konsonanti. Maryam likiongezewa irabu huwa Mariamu, na mkazo unahamia "a" ya pili. Zaynab huwa Zainabu. Mabadiliko haya ni ya kawaida, lakini ujue kwamba umeshapata majina mawili kwenye karatasi: Zainab na Zainabu, Mariam na Mariamu, Fatma na Fatuma. Amina ni mfano mwingine. Kwa Kiarabu kuna Āmina, mkazo mwanzoni, jina la mama yake Mtume, na kuna Amīna, mwaminifu, mkazo katikati. Kwa Kiswahili yote mawili huwa Amina lenye mkazo katikati. Ukilichagua kwa ajili ya lile la kwanza, jiandae kusikia la pili. Majina kama Halima, Jamila na Latifa hayana taabu hii, kwa sababu mkazo wake wa Kiarabu uko palepale Kiswahili kinapoutaka.

Kwa walio nje, haikunisaidia kuuliza "Wazungu watalitamkaje", maana kila lugha ina mazoea yake. Mjerumani husoma z kama "ts" na w kama "v", hivyo Zawadi huwa "Tsavadi". J huielekea "y", ndiyo maana Jamila huko wakati mwingine huandikwa Dschamila. Mfaransa haitamki h, anaisoma ch kama "sh", na u yake hubanwa midomoni, kwa hiyo Chiku huwa "Shiku" na Lulu haliwi tena Lulu unayoijua. Mwarabu hana p, kwa hiyo Upendo kule Ghuba ni "Ubendo". Tatu kwa Mwingereza ni chale ya mwilini. Kumbuka pia mizaha ya nyumbani: Saumu ni jina tukufu la mtoto wa Ramadhani, lakini watoto wa shule watamwita kitunguu.

Wanaochagua majina ya kigeni wapime vivyo hivyo, kwa mwelekeo wa kinyume. Chloe kwa jirani atakayelisoma ni "Chiloe", na Michelle litakuwa "Micheli" hadi usahihishe.

Alama ndogo zina uzito wake. Achieng' lina kituo cha juu kinachotenganisha ng' ya "ng'ombe" na ng ya "ngoma". Mũthoni lina alama juu ya u, na th yake hutamkwa kama dh. Mistari miwili ya chini kwenye ukurasa wa picha wa pasipoti, ile inayosomwa na mashine, kwa upande wa herufi hupokea A hadi Z tu, bila alama hizo. Mstari wenye majina una nafasi 39 kwa majina yote, hivyo majina matatu marefu huweza kukatwa. Sisemi uyaache majina hayo, ni mazuri mno. Ila amua mwanzoni jina litaandikwaje bila alama, na uandike hivyo kila mahali.

Kwa sababu hiyohiyo napinga herufi za mapambo. Aishah, Naimah, Khadijah: ile h ya mwisho haisikiki kwa yeyote huku kwetu, kwa hiyo ataiandika anayejua tu. Kila herufi isiyosikika ni mahali ambapo cheti cha kuzaliwa, usajili wa shule na kitambulisho cha taifa vitakuja kutofautiana. Jina linalosajiliwa kwa mtihani ndilo linaloandikwa kwenye cheti, na kulioanisha baadaye kunahitaji kiapo mbele ya mwanasheria na safari nyingi.

Baada ya hapo likae na majina ya baba na babu. Yataje yote matatu kwa pamoja, haraka, kama karani anayeita foleni. Amina Abdallah huungana likasikika "Aminabdallah"; Salma Mashaka hugongana "ma-ma". Kisha liite kwa sauti kubwa kutoka uani. Jina linaloishia na "a" hubeba sauti mbali.

Halima ndilo lililobaki. Msukuma hulitamka sawa, Mwarabu sawa, Mjerumani sawa. Bujumbura litakuwa "Harima" kwa baadhi na "Alima" kwa aliyezoea Kifaransa, na Alima bado ni jina la mtu. Udhaifu wake ni wa simu: husikika kama Salima au Karima. Dawa yake ni kutaja herufi ya kwanza: "Halima, H ya Hawa."

Kwetu jina hutangazwa siku ya saba, kwenye akika, kwa hiyo kazi hii ifanyike kabla ya kujifungua. Mzazi aliyechoka hana uvumilivu wa kupiga simu. Kwenye kituo cha afya usimtajie karani jina kwa mdomo. Liandike kwa herufi kubwa za kuchapa kwenye karatasi, majina yote matatu, umkabidhi. Kwa herufi ndogo za mkono n husomeka u, a husomeka o, na r husomeka v. Tangazo la kizazi, yaani fomu ya taarifa ya kuzaliwa, likijazwa, lisome herufi kwa herufi kabla hujaondoka dirishani, ukianzia mwisho wa jina kurudi mwanzo, kwani jicho linalolijua jina huona lilichotarajia. Likiwa sawa, lipige picha, na picha hiyohiyo ndiyo umtumie kila atakayekuja kuliandika.