Kasri moja kwa siku: tulivyolipita bonde la Loire kwa baiskeli

Kabla hatujapanda treni tuliwekeana sharti moja na mpwa wangu: kasri moja tu kwa siku. Mengine yote tungeyatazama tukiwa juu ya baiskeli, tuyapungie mkono, tupite. Yeye ana miaka kumi na tisa na alitaka kilomita. Mimi nimeshavuka hamsini na nilitaka historia. Sharti hilo ndilo lililotufikisha kutoka Blois hadi Saumur, miji miwili ya Ufaransa kando ya mto Loire, bila kugombana, na ndilo ninalompa kila anayeniuliza tuliwezaje.

Bonde la Loire lina makasri kupita kiasi. Kipande cha kutoka Sully-sur-Loire hadi Chalonnes kimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na huko kila mto unapokunja kuna mnara unaochungulia juu ya miti. Ukitaka kuingia katika kila jengo, haitachukua muda vitanda vya wafalme vitaanza kufanana, miguu itauma kwa ngazi kuliko kwa pedali, na tiketi zitakuwa zimekula hela ya chakula. Afadhali uingie katika moja, ukae saa tatu, utoke unajua nani aliishi mle na nani alifungiwa mle.

Naishi Rotterdam, kwa hiyo baiskeli si kitu kigeni kwangu. Ila kwenda sokoni na kurudi ni jambo moja, na kukaa juu ya tandiko tangu asubuhi hadi alasiri ukiwa na mzigo ni jambo jingine. Wiki kadhaa kabla ya safari nilikuwa nikijaza mikoba miwili ya keria paketi za mchele na unga, kisha nazunguka nayo nje ya mji. Majirani walidhani nauza. Fundi baiskeli wa mtaani kwetu aliniinulia kiti sentimita chache tu, na goti lililokuwa likinisumbua likanyamaza. Wengi wetu tunakaa chini mno kwa sababu tunataka nyayo zote mbili ziguse ardhi tukisimama, na goti ndilo linalolipa.

Mavazi niliyatatua hivi: suruali ya baiskeli yenye sponji, juu yake gauni jepesi la kuishia magotini lisilofika kwenye cheni, na mtandio mwembamba wa pamba chini ya helmeti. Sheria ya Ufaransa inawalazimisha helmeti watoto wa chini ya miaka 12 tu, lakini mimi siendi barabara yenye matrekta bila yake. Baiskeli tulikodi Blois, kwenye duka linalokubali uirudishe mji mwingine, na hilo lilituondolea safari ya kurudi tulikotoka. Kabla ya kulipa tuligeuza baiskeli juu chini, tukajaribu gia zote, tukahakikisha kuna tyubu ya akiba, viraka, solusheni na pampu. Kijana wa duka alituangalia kama wakaguzi wa serikali.

Njia yenyewe inaitwa La Loire à Vélo. Ina karibu kilomita 900, inashuka na mto hadi Atlantiki, na ni kipande cha njia ndefu ya EuroVelo 6 inayokwenda hadi Bahari Nyeusi. Vibao vyake ni vingi kiasi kwamba simu ilibaki mfukoni. Sehemu kubwa unapita juu ya matuta yaliyojengwa na kuinuliwa karne kwa karne kuzuia mafuriko. Wakati wa kiangazi, mto ukiwa umejaa visiwa vya mchanga na maji yakifika magotini, unaweza kujiuliza matuta yote hayo ni ya nini. Kisha unakuta kwenye ukuta wa nyumba alama iliyochongwa, juu ya kichwa chako: 1856. Mafuriko makubwa yalikuja 1846, 1856 na 1866.

Kitu kimoja sikupendezwa nacho: upepo. Huku upepo hupenda kuvuma kutoka magharibi, na sisi tulikuwa tunaelekea magharibi. Wajuzi huanzia baharini na kupanda mto. Sisi tulipokezana kukaa mbele, yaani mpwa wangu alikaa mbele na mimi nikampokea kila alipochoka, jambo ambalo halikutokea mara nyingi.

Chambord iko kama kilomita 20 kutoka Blois, ndani ya msitu uliozungushiwa ukuta wa kilomita 32. Unapiga pedali kati ya miti, ghafla miti inakwisha, na mbele yako kuna kitu kama mji mzima uliojengwa juu ya paa. Mfalme François wa Kwanza alianza kuujenga 1519, akatawala miaka 32, na inasemekana jumla ya siku alizolala pale ni 72 tu. Mpwa wangu alipiga hesabu ya vyumba akatikisa kichwa. Ngazi ya katikati ndiyo inayostahili tiketi: ni ngazi mbili zinazojipinda pamoja, mtu mmoja akipanda na mwingine akishuka wanaonana kupitia madirisha lakini hawakutani. Tulifanya mchezo huo mara kadhaa, na sioni haya. Humo ndimo pia ilimohifadhiwa michoro ya jumba la makumbusho la Louvre la Paris, Mona Lisa ikiwemo, vita vilipokaribia mwaka 1939.

Ila kama ningeambiwa nichague mahali pamoja tu, ningechagua Amboise.

Wageni wengi huenda pale kwa ajili ya Leonardo da Vinci, aliyefia mjini humo 1519. Mabaki yanayoaminika kuwa yake yamo katika kikanisa kidogo ndani ya kuta za kasri. Tulikiona, tukaendelea hadi nyuma ya bustani. Huko kuna mawe 25 yaliyopangwa kwenye nyasi, yenye maandishi ya Kiarabu, yakielekea kibla. Ni kumbukumbu ya watu wa Amiri Abdul Qadir wa Algeria. Alipigana na Wafaransa miaka 15, akajisalimisha Desemba 1847 kwa ahadi kwamba angepelekwa Iskandaria au Akka. Ahadi ikavunjwa. Alifungwa Toulon, kisha Pau, na Novemba 1848 akaletwa hapa pamoja na familia na wafuasi wake. Baridi na maradhi viliwamaliza baadhi yao, watoto wakiwemo, wakazikwa papo hapo. Oktoba 1852 Louis-Napoléon, rais wa Ufaransa wakati huo, alikuja mwenyewe kumwambia kwamba yuko huru. Miaka minane baadaye, akiwa Damascus, amiri huyo aliwaficha na kuwaokoa maelfu ya Wakristo waliokuwa wakiuawa.

Mawe hayo ni kazi ya msanii wa Algeria, Rachid Koraïchi, na yaliwekwa 2005. Mpwa wangu, aliyezaliwa Uholanzi na kusoma historia ya Ulaya shuleni miaka yote, hakuwa amewahi kulisikia jina hilo.

"Shangazi, mbona hapa hakuna foleni?"

"Kwa sababu ndiyo kwanza tumefika, baba. Soma Fatiha."

Tukaisoma. Kisha nikaswali adhuhuri pembeni, kwenye nyasi, na mlinzi aliyekuwa akipita akageuza njia kwa adabu.

Siku iliyofuata tuliuacha mto tukakata kusini hadi Chenonceau, kama kilomita 15 zenye mwinuko mmoja wa kuhesabika. Kasri hilo limesimama juu ya mto Cher, na daraja lake linauvuka. Diane de Poitiers, kipenzi cha mfalme Henri wa Pili, alilijenga daraja. Mfalme alipokufa 1559, mjane wake Catherine de Médicis alimtoa Diane, akampa kasri la Chaumont badala yake, halafu akajenga ukumbi mrefu juu ya daraja la mwenzake. Ukewenza wa kifalme, kwa ufupi. Lakini kilichonishika ni kwamba ukumbi huohuo ulikuwa hospitali ya majeruhi katika Vita vya Kwanza, na katika Vita vya Pili mto Cher ulikuwa mpaka kati ya eneo lililokaliwa na Wajerumani na lile lisilokaliwa: mlango wa mbele ulikuwa upande mmoja, wa nyuma upande mwingine. Tembea ule ukumbi hadi mwisho ukiwa na wazo hilo kichwani.

Tours ni mji, na mji kwa baiskeli yenye mzigo ni taa za barabarani na mabasi. Tulilala, tukaondoka.

Chakula kinahitaji mpango kuliko njia. Vijijini maduka hufungwa saa sita mchana hadi saa nane au zaidi, Jumapili mchana kila kitu kimelala, na Jumatatu waoka mikate wengi hupumzika. Kwa hiyo mkate ulinunuliwa asubuhi, kabla ya kitu kingine chochote. Eneo hili linajivunia rillettes, ambayo ni nyama ya nguruwe, basi sisi tuliishi kwa jibini la maziwa ya mbuzi la Sainte-Maure, gogo la kijivu lenye unyasi katikati, pamoja na nyanya na mayai ya kuchemsha. Maji tuliyapata makaburini. Karibu kila kijiji kina makaburi yenye bomba la kumwagilia maua, na isipokuwa pameandikwa kuwa maji hayafai kunywa, wasafiri wa baiskeli hujaza chupa.

"Tunywe maji ya makaburini, Shangazi?"

"Maji ni ya halmashauri. Marehemu hawayadai."

Alikunywa. Kufikia Villandry yeye ndiye aliyekuwa akiyatafuta makaburi kwenye ramani.

Villandry tuliingia bustanini tu, tukayaacha majumba. Kabichi na mabiringanya yamepandwa kwa mistari kama zulia, na kwangu mimi niliyekulia Tanga kwenye bustani ya mchicha wa mama, ile ilikuwa fahari ya mboga kupewa heshima ya maua. Kisha kasri la Ussé tulilipungia mkono kama tulivyokubaliana. Kutoka hapo hadi Candes ndicho kipande kizuri kuliko vyote: vijiji vya mawe meupe, mitumbwi ya chini bapa imefungwa kingoni, magari machache. Jiwe hilo huitwa tuffeau, ni laini, linakatwa kirahisi kama matumbawe ya majumba ya pwani kwetu, na mashimo yaliyobaki vilimani leo ni maghala ya divai, mashamba ya uyoga na nyumba za watu.

Fontevraud iko kilomita chache juu ya Montsoreau, na kilima chake nilikipanda nikisukuma. Abasia hiyo, yaani nyumba ya watawa, ilianzishwa mwaka 1101, nayo ilikuwa na watawa wa kike na wa kiume, wote chini ya mkuu mwanamke, kwa karne saba hivi. Nilimsomea mpwa wangu kipande hicho mara mbili. Kanisani kuna sanamu zilizolala za malkia Eleanor wa Aquitaine, mumewe Henri wa Pili wa Uingereza na mwanawe Richard Moyo wa Simba; wanaume wamelala na fimbo zao za ufalme, yeye ameshika kitabu. Napoleon aliigeuza abasia kuwa gereza mwaka 1804, na ikabaki hivyo hadi 1963.

Saumur tulirudisha baiskeli. Fundi alizungusha magurudumu, akaona breki za nyuma za kwangu zimelika, akacheka, akaturudishia amana yote. Walio na baiskeli zao wenyewe wana treni ya kiangazi kati ya Orléans na Le Croisic yenye nafasi maalumu ya baiskeli. Julai na Agosti hujaa, kwa hiyo wafike stesheni mapema, na washushe mikoba kwenye keria kabla treni haijaingia.